Waraka wa Tumbo kutoka Leningrad

Leningrad, Julai 1983

Kwa Ami yangu mpenzi, na kwa jamaa wote wa barazani, Tanga.

Waraka wenu mlioniletea kwa mkono wa baharia umewasili salama. Katika waraka huo, Ami, uliniuliza mambo matatu, nayo ni mafunzo yangu ya mitambo, baridi ya nchi hii, na maakuli. Na kwa kuwa nakujua tangu utotoni mwangu, naelewa kuwa lile uliloliweka mwisho kwa adabu ndilo lililokuwa mbele moyoni. Basi la mitambo nalijibu kwa kusema yanaendelea, la baridi nalisamehe maadamu sasa ni kiangazi, na karatasi yote iliyobaki naiweka wakfu kwa tumbo.

Kiwanda ninachojifunzia kazi kina watu maelfu, na wote hao, tangu mkurugenzi mwenye gari hata mzee afagiaye vumbi la chuma, wamekubaliana na ofisi ya ratiba kushikwa na njaa kwa zamu, idara baada ya idara, kila moja kwa dakika zake. Ikifika zamu yetu tunashuka ngazi kwa mwendo usio mbio wala si matembezi, tukaingia katika bwalo refu lenye harufu ya kabichi, harufu ambayo nadhani ilikuwapo kabla ya jengo kujengwa. Hapo kila mtu huchukua sinia la plastiki lililo majimaji, na uma na kijiko vya alumini vyepesi kiasi cha kupinda mtu akivitazama kwa hasira (visu havipo, wala sijapata kumsikia mtu akiviulizia), akaliburura sinia lake juu ya reli za chuma mbele ya wapishi. Chakula chenyewe hakitajwi kwa jina bali kwa namba: la kwanza ni supu, la pili ni nyama au samaki pamoja na viazi, tambi, au nafaka yao nyeusinyeusi iitwayo grechka, na la tatu ni kinywaji, aghalabu maji ya matunda makavu yaliyochemshwa kwa sukari, ambayo chini ya bilauri yake huzama kipande cha tufaha na zabibu mbili tatu, na watu wenye heshima zao huzivua kwa kijiko mpaka ya mwisho. Juu ya yote hayo hunyunyizwa shibiti, ile ile ambayo kwetu ni dawa ya tumbo la mtoto mchanga, na hapa hutiwa katika supu, katika viazi, katika matango, na lau chai ingaliachwa wazi kitambo, yumkini ingalitiwa nayo pia. Mwisho wa reli ameketi bibi mwenye ubao wa shanga, ambaye huzisukuma shanga zake kulia na kushoto kwa kishindo kikubwa kuliko cha mwalimu yeyote wa hesabu niliyepata kumwogopa, na jumla ya mlo mzima ikawa haifiki rubli moja. Mkate hulipiwa kwa kipande, kopeki moja moja. Chumvi na haradali ni bure, mezani, jinsi mtu apendavyo. Na haradali hiyo ni kali, Ami, kali ya kumtoa mtu machozi ya haki, nayo ndiyo iliyonisitiri katika nchi isiyojua pilipili.

Lakini kabla chakula hiki hakijawa chakula, huwa kwanza ni andiko. Mlangoni hutundikwa karatasi iliyopigwa taipu na kutiwa sahihi za wakubwa wa jiko, imeorodhesha kila kitu pamoja na uzito wake: supu gramu 500, katlesi gramu 75, viazi vya kupondwa gramu 150, malai yaliyochachushwa gramu 10. Uzito huo haukutungwa na mpishi wetu. Umetoka katika kitabu kikubwa cha mapishi kitolewacho na serikali, na kitabu ni hicho hicho tangu mpaka wa Polandi hata Vladivostok, hivi kwamba katlesi ya hapa na katlesi ya kule, zikikutana njiani, hazina budi kuamkiana. Ndani ya katlesi mna nyama na mkate, na mkate huo si hila ya mtu, kwani kitabu chenyewe ndicho kiuamrishao. Ugomvi wa wafanyakazi na jiko hauko juu ya kuwamo mkate bali juu ya kadiri yake, nao ni ugomvi wa kitaalamu kabisa. Jirani yangu wa mezani ni fundi mkongwe wa kukereza vyuma, ambaye kidole chake hutambua kosa la unene wa unywele katika chuma, naye huitua katlesi juu ya kiganja, akafumba jicho moja, akatoa hukumu: "Leo mpishi ana harusi nyumbani kwake."

Kwa ajili ya mashaka ya namna hii imewekwa mizani ukumbini, ili mlaji apime mwenyewe, na ukutani limetundikwa Daftari la Malalamiko na Mapendekezo, ambalo sheria yataka apewe kila aliyeliomba. Mizani ile sijamwona mtu akiitumia, maana aliyesimama nyuma yako ana njaa na dakika zake zinahesabika. Daftari nimelisoma kwa taadhima. Sehemu yake kubwa ni sifa, zilizoandikwa mikesha ya sikukuu kwa mwandiko mzuri. Lakini lilikuwamo lalamiko moja la mtu aliyesema supu yake ilikuwa baridi, na chini yake jawabu rasmi, lenye mhuri, la mwezi uliofuata, lililosema kuwa hatua zimechukuliwa. Bila shaka supu ile sasa ni moto.

Msidhani kuwa mambo haya yalianza kwa mzaha. Lenin mwenyewe aliandika mwaka 1919 kuwa mabwalo ya umma na nyumba za kulelea watoto ni machipukizi ya ukomunisti, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayomtoa mwanamke katika utumwa wa jiko. Mwaka 1925 kikafunguliwa kiwanda cha kwanza cha kupika chakula katika mji wa wafumaji wa Ivanovo-Voznesensk, na hapa Leningrad yangalipo majengo makubwa ya namna hiyo, mojawapo upande wa Vyborg, yaliyojengwa ili maelfu wale bila mke wa mtu kuunguza kidole. Nasema kwa insafu kuwa fikra ni njema, na Shangazi lau angaliisikia angalipiga kigelegele. Walakini akina mama nifanyao kazi nao, wakishakula mchana kwa mkono wa serikali, jioni nawaona kwenye foleni za maduka na mifuko yao ya nyavu, wakienda kumpikia mume ambaye naye alikula mchana kwa mkono wa serikali. Na nilipomwuliza mmoja wao kama utumwa wa jiko umekwisha, alinitazama kitambo, kisha akaniomba nimshikie kabichi.

Wazee wa kiwandani huzikumbuka siku za Khrushchev kwa sababu ya mkate. Wakati huo mkate ulikuwa bure mezani, na mtu aliyefilisika kabla ya mshahara alinunua bilauri ya chai tu, akakaa kwa adabu, akapaka haradali juu ya kipande baada ya kipande mpaka akashiba. Hata mavuno yakaharibika mwaka 1963, na mkate nao ukapata bei. Huyu Khrushchev ndiye aliyekwenda Marekani mwaka 1959, akatazama mashamba ya mahindi ya Iowa, akarudi amezidi kupagawa na mahindi, akayapandisha hata mahali ambapo jua halina nguvu ya kuivisha kitu. Nilipoisikia habari hiyo moyo ulinidunda, nikadhani kwamba pengine katika pembe moja ya nchi hii upo ugali. Nikaambiwa kuwa mahindi yale yalikatwa mabichi wakalishwa ng'ombe.

Lakini mtu aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika matumbo ya nchi hii ni Anastas Mikoyan, Muarmenia, aliyekuwa mkuu wa viwanda vya chakula enzi za Stalin. Yeye naye alitumwa Marekani, mwaka 1936, akarudi na mashine za kutengeneza katlesi na azma ya kumpa kila mfanyakazi aiskrimu; na aiskrimu hiyo, nakiri, ni nzuri mno, na watu huila barabarani hata katika theluji, wamevaa glavu. Ndugu yake Artem ndiye mmoja wa waliobuni ndege za kivita za MiG, hivyo nyumba moja ikashika anga na tumbo. Na ni Mikoyan huyo huyo aliyeamuru mwaka 1932 kwamba siku moja katika juma mabwalo yasipike nyama ila samaki, kwa kuwa nyama ilikuwa haba. Amri ikafifia, ikafufuliwa Oktoba 1976, kwa kuwa nyama ilikuwa haba, na siku ikawa Alhamisi. Wazee hunong'ona kuwa Alhamisi ilichaguliwa makusudi ili isiangukie Jumatano wala Ijumaa, siku ambazo Wakristo wa madhehebu yao hujizuia na nyama, isije ikadhaniwa kuwa serikali isiyo na dini inafunga saumu.

Basi Alhamisi ndiyo siku nipongezwayo. "Wewe mtu wa bahari," huniambia wote, "leo utafurahi." Na samaki wenyewe, Ami, hufika jikoni wakiwa matofali ya barafu, wamegandamana kichwa kwa mkia, kwa kuwa huvuliwa na meli kubwa katika bahari za mbali, na wamo miongoni mwao watokao huko kwenye maji ya Ncha ya Kusini, waliosafiri kuliko mimi na kuliko baharia aliyenipa barua yenu. Huvunjwa, hutiwa unga, hukaangwa, na vikishaisha vitendo hivyo vitatu hapana awezaye kuwatambua kwa jina wala kabila. Mimi niliyelelewa kwa changu na nguru waliokuwa hai asubuhi, hukaa nao mezani nikitabasamu kwa ajili ya heshima ya bahari.

Sasa niingie katika mas'ala ya nguruwe, ambayo najua barazani mmekwisha kuyajadili kabla ya kuja kwangu. Bibi atoaye supu, ambaye sitamtaja ila kwa lakabu niliyompa ya Bi Upawa, ni mama mnene, mwenye huruma na sauti. Siku za mwanzo nilimwuliza kwa Kirusi changu cha kuombea maji kama supu ile ina nguruwe. Akanitazama kwa majonzi, akidhani namlalamikia uchache wake, akaniambia, "Kidogo tu, mwanangu," na ili kunituliza akaniongezea. Tulipoelewana, ikawa kila nikitokea kwenye reli hupaza sauti hata bwalo zima likageuka: "Muislamu huyu, yuko wapi kuku?" Mara nyingi kuku hayuko popote. Nimepata pia kusoma habari za soseji yao mashuhuri kuliko zote, iitwayo ya Daktari, iliyobuniwa mwaka huo huo wa 1936 kwa ajili ya wadhaifu wa afya, na katika kila kilo 100 za mchanganyiko wake wa asili mlikuwamo kilo 25 za ng'ombe, kilo 3 za mayai, kilo 2 za maziwa, na zilizobaki, kilo 70 kamili, ni za yule ambaye sina haja ya kumtaja tena. Nimeipita kwa mbali.

Ufumbuzi ulitoka mahali nisipotarajia. Ramadhani ya mwaka huu ilianza mwezi wa Juni, na Juni ya hapa ni mwezi ambao jua huchelewa mno kuchwa: huzama karibu na saa tano na nusu za usiku, likachomoza kiasi cha saa kumi na nusu, na baina yake hapana giza ila weupe, hivi kwamba mtu hana hakika kama anafuturu au anakula daku, na mwenye busara huviunganisha. (Msikiti upo, mzuri wa ajabu, wenye kuba la rangi ya samawati kwa mfano wa kaburi la Timur lililoko Samarkand, ulifunguliwa mwaka 1913, ukafungwa, ukarudishiwa waumini mwaka 1956.) Basi nilipoacha kuonekana bwaloni, Bi Upawa aliuliza, kisha akatuma mtu, kisha akanijia mjumbe wa chama cha wafanyakazi na kalamu mkononi, akitaka kujua nina lalamiko gani juu ya jiko, kwa sababu mfanyakazi kukataa chakula kiwandani ni jambo ambalo huenda likafahamika kuwa ni mgomo. Nikamweleza saumu, masharti yake na fadhila zake. Akaandika yote kwa makini, akaenda zake, na baada ya Idi nikaletewa hati ya kula katika meza ya wagonjwa.

Kwani hapa mabwalo makubwa yana pembe ya wagonjwa, na vyakula vyao vimepewa namba kwa mujibu wa tabibu mmoja aitwaye Pevzner, jumla kumi na tano: namba 1 ni ya vidonda vya tumbo, namba 5 ni ya ini, namba 9 ni ya kisukari. Uislamu haukupewa namba, basi wakanitia katika ini. Nilikuwa tayari kupinga, nikasoma kwanza masharti: meza ya ini haina mafuta ya nguruwe, haina nyama ya mafuta, haina vya kukaangwa, na katlesi yake hupikwa kwa mvuke. Nikashukuru, nikaketi. Mabibi wawili walioketi hapo kabla yangu huniuliza kila siku ini linasemaje, nami huwajibu kuwa linasikiliza.

Kuhusu foleni sitasema mengi, kwa kuwa nasikia huko kwenu mmekuwa mafundi kunishinda, na kwamba mawe yenu hupangwa mbele ya duka tangu alfajiri kumwakilisha kila mtu hadi lori la sukari litakapofika, ilhali Serikali inawasaka wahujumu uchumi na wengine wamekwisha kuitupa mali yao baharini kwa hofu. Hapa jiwe halikubaliwi. Unafika, unauliza nani wa mwisho, unajitangaza kuwa wewe ni wa baada yake, ukienda kushika foleni ya pili mahali pengine nafasi yako hubaki, na ukirudi hutambuliwa kwa sura. Fadhila ambayo kwangu mimi, katika mji huu, ni nyepesi sana. Mwanzoni mwa mwaka huu, kwa zamani hizi za bwana Andropov, mtawala wa nchi, askari waliingia madukani, sinemani na hata katika mabafu wakiwauliza watu kwa nini hawako kazini, na tangu hapo bwalo hujaa kwa saa na huwa tupu kwa saa. Kwa kuwa waraka huu unakuja kwa mkono, niwape na hili: mwaka jana, mwezi wa Mei, ilitangazwa Programu ya Chakula ya nchi nzima, na redio ikaieleza asubuhi na jioni, basi watu wakaanza kushauriana chinichini kwamba afadhali waya wa jokofu uchomekwe katika redio.

Hata hivyo kiwanda hakiwatupi watu wake. Ikaribiapo sikukuu kubwa, Mei Mosi au tarehe 7 Novemba, chama cha wafanyakazi huleta vifurushi vya kuuziwa wafanyakazi peke yao, na ndani yake utakuta vitu adimu, nyama ya kopo, dagaa wa mafuta, grechka, maziwa mazito ya sukari ambayo watu huyachemsha ndani ya kopo lake hata yakawa kahawia na mazito zaidi. Na pamoja na hivyo, kwa kifurushi hicho hicho na kwa lazima, kitu kimoja ambacho duka limeshindwa kukiuza. Mwaka huu kitu hicho kilikuwa mwani wa kopo. Watu wa idara yangu walishauriana, wakaona kuwa mwani ni wa bahari na mimi ni wa bahari, wakaniletea makopo yao yote kwa moyo mweupe. Septemba nitakwenda nao kung'oa viazi katika shamba la serikali, maana kila mwaka wahandisi, makarani na wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi. Nimeazimwa viatu vya mpira tayari, na yule fundi wa kukereza amekwisha kunionya nisionyeshe ustadi, wasije wakanizuia huko.

Palipobaki pa kuandika ni padogo, nami nina haja. Katika bweni letu yuko Muuzbeki wa Tashkent ambaye Jumamosi hupika pilau kwa mafuta ya kondoo, karoti nyingi na bizari ya pilau aletewayo na mama yake, na harufu yake ikipanda ngazi milango hufunguka yenyewe. Yeye hushikilia kuwa pilau ni yao, mimi nashikilia kuwa ni yetu, na pilau lake halina iliki, halina mdalasini, wala halijapata kusikia habari za karafuu. Nawaombeni mnitumie vitu hivyo vitatu, na pilipili kavu ya kutosha, kwa mkono wa mtu mwaminifu, mvifunge katika kanga ili visinukie forodhani. Nami kwa mkono wa huyu aletaye waraka nawaletea hidaya ya mwani. Bi Mkubwa akiuliza kama mwanawe anakula haramu, msomeeni habari za meza ya ini; na mkifika kwenye ile aya ya soseji, mwambieni ni mambo ya daktari, mpite.

Ndimi mwanao mtiifu, wa meza namba 5.